Kiuno cha Kuazima

Tarehe 4 Januari

Kwa Shangazi, fundi wa mafundi,

Shikamoo. Marahaba nimeshaipokea kabla hujaitamka, maana najua umekunja uso. Sisi huku wazima. Goti la Baba limepona, sasa linamuuma la pili. Mama anasema mfuko wa vitambaa ulifika na ametoa foronya nne. Mimi bado niko tanuri la mikate, na bado nakaa kile chumba nyuma ya duka la magodoro, mlango wa kijani. Usiulize, shuka nafua.

Unaona naandika, sipigi. Baba kaniambia umeapa kutopokea simu yangu, eti kila ukiniuliza swali mtandao unaharibika. Shangazi, ulikuwa unaharibika kweli. Lakini sawa, niletewe karatasi. Shule niliishia kidato cha pili ila mwandiko wangu mwalimu aliushangaa, alisema tangu aanze kazi hajawahi kuona kama huo.

Sasa jambo lenyewe. Naingia zimamoto. Cheka umalize ndipo uendelee kusoma.

Umemaliza? Haya. Unakumbuka mwaka jana duka la magodoro liliposhika moto? Kile ambacho Baba hakukuambia ni kwamba nilitolewa dirishani. Jamaa mmoja wa zimamoto alinitupa begani akashuka nami ngazi, na kilo zangu zote (hazikuhusu), anapumua kama anayetembea kwenda dukani. Aliponiweka chini akaniuliza, "Kijana, umekula matofali?" Halafu akarudi ndani. Tangu siku ile sina raha. Nataka kuwa yule.

Wanachukua vijana wasiozidi miaka ishirini na tano. Tarehe mosi Julai natimiza ishirini na sita. Mtihani ni Juni. Nikikosa huu hakuna mwingine, nitaingiza trei na kutoa trei mpaka nizeeke nikiwa na harufu ya hamira. Unakimbia kilomita tatu kwa dakika kumi na tano, unapanda ghorofa nne na mpira wa maji begani, kisha nesi anakupima.

Wasiwasi sina. Mazoezi nimeanza na mwili umeshaanza kukatika. Mtaani wananiita Chuma. Ninachokosa ni suruali ya kukimbilia, za dukani zinabana pale na kulegea hapa. Nishonee. Kiuno inchi thelathini na mbili.

Mwanao,
Chuma


Tarehe 19 Januari

Kwako baba,

Marahaba. Huku kwema. Shule zimefunguliwa, sare zimejaa mpaka kitandani, nalala pembeni kama mgeni. Cherehani imepata mkanda mpya, inakwenda mbio kuliko wewe.

Mwambie Mama anitumie picha ya hizo foronya. Mwambie Baba yako magoti hayaponi kwa kuyalalamikia.

Kiuno thelathini na mbili. Mara ya mwisho nilikupima kwa mikono yangu miwili, harusi ya dada yako. Ulikuwa na thelathini na tisa, tena umevuta pumzi mpaka macho yakakutoka. Hizo inchi saba umeziacha wapi? Kaziokote, zisije zikamkwaza mtoto wa watu.

Mteja wa mbali mimi simwombi namba. Namwambia akate kamba. Zungushia moja kiunoni, ikate inapokutana, piga fundo moja. Nyingine pajani, mafundo mawili. Nyingine toka kiunoni mpaka kisiginoni, mafundo matatu. Tia kwenye bahasha. Kamba haina ulimi.

Na unakula nini? Usiniandikie unachotamani kula, andika kilichopita kooni. Mimi mwenzako na umri huu nakula kwa adabu, na kila jioni natembea mpaka mnara wa maji na kurudi. Wewe je?

Zimamoto sijacheka. Nilisoma mara mbili.

Shangazi yako


Tarehe 2 Februari

Shangazi mwenye maneno,

Shikamoo kubwa. Wote wazima, dada kajifungua wa kiume, kilo tatu na nusu, kelele kilo kumi. Wanasema kafanana na mimi. Bahati yake.

Kamba hizo ndani ya bahasha. Hesabu mafundo, hesabu na aibu yako.

Chakula. Asubuhi yai moja na maji ya uvuguvugu. Mchana maharage na mboga za majani. Jioni tunda, na tunda lenyewe nalitazama kwanza kama nalihitaji. Skonzi zikitoka tanurini, zimevimba, juu zinang'aa, zinanisalimia na mimi siitikii. Bosi wa tanuri ana desturi ya kutugawia bure zile zilizoungua kingo, wenzangu wanagombana, mimi nasimama mlangoni navuta hewa safi. Soda nimesahau ladha yake.

Pushapu mia kila asubuhi. Nikiamka vibaya, themanini.

Samahani kwa doa la siagi hapo pembeni. Ni la mtu mwingine.

Chuma


Tarehe 21 Februari

Baba,

Hongera kwa mtoto, nitamshonea kofia.

Suruali hiyo. Nimeshona kama kamba zilivyoniambia, sikuongeza wala kupunguza. Mteja ndiye mwenye kauli.

Ila nikwambie kitu cha kazi. Mimi nimeishi na miili ya watu miaka thelathini. Kamba ulizonitumia ni za mtu mmoja, mrefu kama mlingoti, paja lake kama shingo ya jogoo. Mguu wako naujua, ni wa baba yangu mzazi, mfupi na umeshiba. Kwa hiyo ama umerefuka ukubwani, ama kuna kijana mwembamba hapo tanurini anajiuliza kwa nini alizungushiwa kamba.

Mshono nimepiga mmoja tu. Kwa mwili kama wa kamba zako, unatosha.

Karatasi imeniishia, nimeandika nyuma ya hii iliyokuwepo mezani.

Shangazi


Tarehe 11 Machi

Shangazi muuaji,

Shikamoo, ingawa hustahili.

Wote wazima isipokuwa mimi, na mimi umeniua wewe.

Kila Jumamosi wanaotaka kuingia zimamoto tunakusanyika uwanja wa mpira, kuna afande anatunoa. Suruali yako nikaivaa tanurini. Kuivaa tu kulichukua watu wawili: mimi nimelala chali juu ya magunia ya unga, na Njiti anavuta. Njiti ndiye mwenye kamba. Haya, umesikia. Anapanga trei, mwembamba mpaka akisimama upande unadhani katoka. Nilimwambia nampima apate sare mpya, maskini akasimama wima kama askari. Mpaka leo anaulizia.

Miguu niliikunja mara tatu kwa chini. Nikaenda. Nikakimbia nusu uwanja na kila kitu kimetulia, nikasema Shangazi noma, kitambaa kimenipenda. Afande akapiga filimbi: "Chuchumaa!"

Nikachuchumaa.

Shangazi, ule mlio. Kuna mtu alitazama mawingu. Ilianzia nyuma kiunoni, ikapita chini, ikatokea mbele, haikuacha kitu. Na siku ile nguo ya ndani ilikuwa ile ya bata wa njano. Watu arobaini. Wanawake kumi na mmoja, niliwahesabu maana wote walikuwa wananitazama. Afande akaja taratibu, akanizunguka, akasema, "Wewe moto hutauzima kwa maji. Utakufa wenyewe kwa kucheka."

Jina la Chuma limekufa. Sasa naitwa Dirisha.

Na kwa kuwa nimeshavuliwa nguo, ngoja nimalizie. Yai ni matatu. Skonzi zilizoungua nazila, na zisizoungua naziunguza ili nizile. Soda mbili kwa siku. Pushapu ni tisa. Kilomita tatu, siku ile nilipofunga shuka kiunoni nikamalizia mbio, nilitumia dakika ishirini na mbili na nikatapika kwenye nguzo ya goli.

Haya. Sasa wewe.

Niligeuza karatasi yako. Imetoka zahanati. Jina limekatwa kwa mkasi, mkato umenyooka, mkato wa fundi. Namba ya presha nayo imekatwa. Lakini mkasi wako ulisahau chini: Chumvi, acha. Vya mafuta, acha. Kutembea, dakika thelathini kila siku. Vidonge, kila siku bila kukosa. Rudi tarehe 2 Machi.

Leo ni tarehe kumi na moja. Ulirudi?

Dirisha


Tarehe 28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu.

Kama ni hasira za karatasi, nipige mawe kwa barua, nimezoea. Mtoto ameota jino, Mama anasema ni mapema mno, dada anasema ni akili.

Andika hata mstari.

Mwanao


Tarehe 14 Aprili

Baba,

Nimesoma zote mbili. Kuchelewa kwangu ni sare. Shule ya pili imebadilisha rangi, wote wanataka mara moja.

Karatasi ile ni ya mteja.

Nimeiacha sentensi hiyo hapo juu nikaenda kuchemsha maji, nimerudi nimeitazama, inachekesha. Karatasi ni yangu. Namba hutaijua, usiulize, mimi si mtihani wako. Ndiyo, nilirudi tarehe mbili. Na mnara wa maji nimekuwa nikiutembelea kwa macho, kutoka dirishani, nimekaa hapahapa kwenye cherehani na kisahani cha samaki wa chumvi pembeni. Kwa bata wa njano nilicheka mpaka uzi ukatoka kwenye sindano. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Basi tupatane kama watu wazima wawili waongo. Wewe kula kama unavyojua unapaswa kula. Mimi nifanye kama zahanati ilivyoandika. Na kila barua, baada ya salamu, mtu aanze kwa kusema alichoharibu, ndipo ajisifu.

Suruali hiyo nyingine nimekushonea kwa kukumbuka tu, sikuomba kamba. Arobaini na moja, lastiki ndani, mishono mitatu. Ya Njiti nayo imo, mpe, na umwombe radhi.

Shangazi


Tarehe 5 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Baba kapata fimbo ya kutembelea, kaipaka rangi, anaringa nayo kuliko mwenye gari. Njiti kavaa suruali yake siku nne mfululizo, anakuombea maisha marefu.

Nilichoharibu: Jumanne skonzi mbili. Alhamisi soda, nusu, nusu nyingine nikampa Njiti akaninyang'anya na kopo. Ijumaa sikukimbia, mvua. Haikuwa mvua, ilikuwa manyunyu. Sikukimbia kwa sababu kitanda kilikuwa kitamu.

Kujisifu: dakika kumi na saba na nusu! Shangazi, kumi na saba na nusu na sikutapika. Nimegundua siri. Mimi nilikuwa natoka mbio kama nimeiba, nikifika robo nimekwisha. Afande akaniambia, "Dirisha, kimbia kama unayeongea na mtu." Basi nakimbia huku nakusema wewe kwa sauti. Mizunguko saba na nusu ya uwanja na sijawahi kukosa maneno.

Bosi nimemwomba asinihesabu kwenye mgao wa zilizoungua. Kaniuliza kama nimeokoka. Nakuja na maharage ya kuchemsha kwenye kopo la jamu. Wiki ya kwanza walinicheka. Wiki ya pili Njiti akaomba kijiko. Sasa nachemsha ya watu watatu. Ngazi za ghala nazipanda na gunia la unga begani, tupu kwanza, sasa nusu. Mkanda nimesogeza matundu mawili, na hayo usininyime, nimeyatoboa kwa msumari mwenyewe.

Usiku nalala kama aliyepigwa.

Ya kwako?

Dirisha


Tarehe 22 Mei

Baba,

Kwema. Nilichoharibu: kidonge kimoja Jumapili, nilisahau. Samaki wa chumvi, kipande, nilipokuwa naonja kama ameharibika. Hakuwa ameharibika.

Mnara wa maji nimefika. Siku ya kwanza nilikaa kwenye ngazi yake nusu saa, kurudi nikaona ni mbali kama kwenda kuhiji. Mlinzi wa pale alinitolea kiti. Siku hizi nakwenda na kurudi bila kiti. Juzi kaniuliza, "Mama, unafuata nini hapa kila siku?" Nikamwambia nafuata adabu.

Kumi na saba na nusu si kumi na tano. Ongeza maneno ya kunisema.

Shangazi


Tarehe 13 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima.

Nilichoharibu: hakuna.

Mtihani ulikuwa juzi. Nilikimbia kwa dakika kumi na nne na sekunde arobaini na tisa, nikabakiza sekunde kumi na moja kufika kumi na tano! Kabla ya siku ile sijawahi kushuka chini ya kumi na tano na nusu. Watu walisimama. Niliamka na nguvu kama za shetani, miguu inanitangulia. Ngazi za ghorofa nne na mpira begani nilizipanda nikiimba. Afande aliandika tu.

Halafu nesi, saa tatu baada ya mbio.

Alinifunga ule mkanda mkononi, ukajaa upepo, akaangalia mashine, akaangalia uso wangu. Akafunga tena. Mia moja sitini na mbili kwa mia na nne. Nikamwambia mashine yake imechoka. Akasema, "Mashine nimeipumzisha saa tatu, wewe ndiye hujapumzika." Ni kweli mikono ilikuwa bado inatetemeka, kwa hamu tu. Moyo unasaga kama mashine ya kukobolea. Akaniuliza, "Umekula au kunywa nini leo?" Nikamwambia yai na maji. Akaandika. Akasema mtu mwenye presha hii hawamwingizi kwenye moshi, atadondoka wabebe wawili badala ya mmoja. Nirudi tarehe ishirini na sita, mara moja tu. Ikiwa hivyohivyo, wananifuta.

Shangazi, Babu si alikufa kwa presha hii? Alianguka kwenye benchi lake la useremala, hukuniambia wewe? Wewe unayo. Sasa na mimi. Nimelala siku mbili natazama dari. Baba sijamwambia. Mama nimemwambia nimepita.

Fomu imeandikwa chini kabisa: atakayetoa maelezo ya uongo atafutwa.

Nifanye nini?

Mwanao


Tarehe 20 Juni

Baba,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, posta itachelewa. Salamu zitasubiri.

Nilichoharibu: nitakuambia chini.

Wewe uliandika "hakuna." Wewe? Wiki sita unaniorodheshea mpaka nusu soda uliyonyang'anywa, siku ya mtihani unakuwa malaika? Mtu aliyekimbia kwa mapafu yake, mikono haitetemeki saa tatu baadaye. Na haamki asubuhi moja akakata sekunde arobaini. Huo si mwili wa Babu, hilo ni kopo. Zile soda za kuongeza nguvu zenye picha ya mnyama mkali. Ulikunywa mangapi?

Halafu nesi kakuuliza kwa mdomo wake, na wewe ukasema yai na maji.

Sasa sikiliza la kwangu, na usimwambie Baba yako. Tarehe mbili Machi niliporudi zahanati, kabla ya kwenda nilikunywa vikombe vitatu vya kahawa nzito ili nisionekane nimechoka. Namba ikapanda. Daktari akauliza, "Mama, leo umekunywa nini?" Nikasema maji. Yeye ni mtu wa kuamini watu. Akaniongezea kidonge mara mbili. Baada ya siku tisa niliinuka kutoka kwenye cherehani kufuata mkasi, nikaanguka. Kati ya cherehani na ukuta. Nililala pale tangu saa nne mpaka mteja alipokuja kuchukua sketi yake. Saa kumi. Naona miguu ya meza tu. Hizo ndizo sare zilizonichelewesha kukujibu.

Walinipunguzia dawa, nikasema niliangushwa na njaa. Mpaka leo daktari hajui habari ya kahawa. Nimeacha tu, kimyakimya, kama mwizi anayerudisha mali dirishani.

Kwa hiyo nenda tarehe ishirini na sita na useme. Wakikufuta, wamekufuta. Usipite kwa kimya, maana na mimi nilipita kwa kimya nikaishia sakafuni.

Na kopo usiguse tena.

Shangazi


Tarehe 27 Juni

Shangazi,

Shikamoo, tena hii nimeisema kwa sauti hapa chumbani peke yangu.

Nilichoharibu: makopo matatu. Mawili nyumbani, moja getini. Na skonzi mbili za kuyasindikiza. Na nilikudanganya wewe, na Mama.

Jana nilifika wa kwanza. Nesi akachukua ule mkanda, nikamwambia, "Dada, kabla hujanifunga." Nikasema yote. Nilidhani nitayasema haraka, kumbe makopo matatu ni maneno mengi. Akaniacha nimekaa, akaenda kumwita afande. Nikasema basi, Dirisha limefungwa.

Afande akaja na fomu yangu mkononi. "Mangapi?"

"Matatu, afande."

"Ulimwambia nesi nini?"

"Maji."

"Na kwa nini unasema leo? Leo ungepimwa ungepita, mjinga wewe."

Shangazi, hilo sikuwa nimelifikiria! Kweli ningepita! Nimekaa wiki mbili bila kopo, nani angejua? Nikamwambia, "Shangazi yangu kasema." Nesi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Afande hakucheka. Akasema ndani ya moshi hakuna anayemwona mwenzake, mnaulizana tu, una pumzi? Na ukijibu ninayo wakati huna, mwenzako anakuamini, mnakufa wote. Akaikunja fomu akaitia mfukoni. "Mpime."

Mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili.

"Zile mbio zako za makopo nazifuta," akasema afande. "Vua shati. Sasa hivi, mizunguko saba na nusu. Kumi na tano ikipita hata kwa sekunde, urudi kwenye mikate yako."

Hakukuwa na wa kukimbia naye wala wa kushangilia. Afande na saa, nesi kwenye benchi, na mtu anafyeka nyasi. Mizunguko mitatu nilikusema wewe kwa sauti. Wa nne nilimsema afande, kwa sauti ndogo. Wa sita miguu ikawa ya mtu mwingine, nikamtafuta yule shetani wa siku ile hayupo, ni mimi tu na maharage yangu. Wa saba maneno yakaisha. Unaamini? Mimi, maneno yakaisha. Nusu ya mwisho sikumbuki, nakumbuka mfyeka nyasi kaacha kufyeka.

Niliangukia miguuni mwa afande. Akanitazama, akaitazama saa, akanitazama. Alinifanyia makusudi. Kisha akainama akanionyesha.

Kumi na nne, hamsini na nane.

Naripoti tarehe tano Julai saa kumi na mbili asubuhi. Baba nimemwambia kila kitu, hata makopo. Alichukua fimbo yake akaenda kuwatangazia majirani, na goti likasahaulika. Mama amelia, halafu akaniuliza kwa nini siku ile nilimdanganya, akaanza kulia upya. Bosi kanipa mkate mzima, nikampa Njiti.

Sasa, Shangazi, usidhani nimesahau. Jumamosi nakuja na basi la kwanza. Hatupandi pikipiki, tunakwenda zahanati kwa miguu, mimi na wewe, na utamwambia daktari habari ya vile vikombe vitatu. Wewe ndiye utakayesema. Mimi nitakaa kwenye benchi, kimya kabisa, tangu mwanzo mpaka mwisho. Tangu nizaliwe sijawahi kulifanya jambo hilo, kwa hiyo vaa vizuri, usilikose.

Mwanao,
wa zimamoto